Acha kucheza kadi zikiwa zimeanikwa: Faida za skrini ya pili kwenye padi ya gemu

JUMAMOSI jioni, uko Soy. Matatu za kutoka Eldoret kwenda Kitale zinapita barabarani zikipiga honi, nawe umebanwa kwenye benchi ndani ya kibanda cha PS, bega kwa bega na msee ambaye amekutesa wiki nzima. Mechi ni sare ya 2-2, dakika ya 80. Unataka kubadilisha mfumo, umwingize mshambulizi wa tatu, umalize kazi. Unasimamisha mechi. Menyu inafunguka kwenye runinga na kibanda kizima, kuanzia mpinzani wako hadi yule kijana anayesubiri zamu huku akitafuna mahindi choma, kinaona unachopanga.

Kabla mechi haijarudi, jamaa ameshajua dawa yako. Anaongeza beki mmoja, anangoja upande na jeshi lako lote, kisha anakupiga kaunta dakika ya 88. Unaweka padi chini. Pesa imeenda, na zamu pia.

Sasa hebu jiulize: ulishindwa na jamaa, au ulishindwa na runinga?

Usicheke. Swali hilo limewasumbua watengenezaji wa gemu kwa zaidi ya miaka 25, na wengine wao walikuja na jibu ambalo wengi wetu hatukuwahi kuligusa: padi yenye skrini yake. Namaanisha kile kidhibiti unachoshika mkononi, lakini kikiwa na kioo kidogo ambacho wewe pekee ndiwe unakiona.

Jibu hilo halikuuza vizuri sana dukani, na nitakwambia kwa nini. Ila wazo lenyewe ni kali, na habari njema ni kwamba tayari unalibeba mfukoni.

Meza na mkono

Ili uelewe, sahau gemu kidogo. Fikiria unacheza kadi na mabeshte. Kuna kadi iliyo mezani, ambayo kila mtu anaiona. Halafu kuna kadi ulizoshika mkononi, ambazo ni siri yako. Utamu wote uko kati ya hivyo viwili. Umeficha mbili ya kumlisha jirani. Umekaa na uso wa mtu asiye na kitu, kumbe bado raundi moja tu utangaze "niko kadi!" Mkianika kadi zote mezani, mchezo umekufa. Kutakuwa hakuna kudanganyana, kubahatisha wala kushtukizana.

Runinga ya kibandani ni meza. Inaonyesha kila kitu kwa kila mtu. Skrini ya pili ndiyo mkono wako.

Sega, kampuni ya Japani, ililiona hilo mapema. Ilipozindua mashine yake ya Dreamcast huko kwao mwaka wa 1998, padi ilikuwa na nafasi ya kuchomeka kifaa kidogo kilichoitwa VMU. Kilikuwa kadi ya kuhifadhia gemu, lakini pia kilikuwa na skrini ndogo ya nukta 48 kwa 32, isiyo na rangi, iliyochungulia kupitia dirisha katikati ya padi. Kioo hicho ni kidogo kuliko cha simu ya mulika mwizi. Hata hivyo, katika gemu ya kandanda ya Marekani ya NFL 2K, ungeweza kuchagua mbinu yako ukiangalia kioo hicho cha mkononi, mpinzani aliye kando yako asijue unapanga kukimbia na mpira au kuurusha.

Yaani tatizo lako la dakika ya 80 lilikuwa limepata dawa kabla wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa.

Wii U na ile padi kubwa

Aliyelibeba wazo hilo mbali zaidi ni Nintendo. Novemba 18, 2012, kampuni hiyo ilianza kuuza Wii U nchini Marekani. Padi yake, GamePad, ilikuwa kama tableti iliyowekewa vitufe pembeni: skrini ya kugusa ya inchi 6.2, kamera, maikrofoni na kalamu yake. Runinga ilionyesha kitu kimoja, padi ikaonyesha kingine, vyote kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo faida zilipoanza kuonekana. Twende nazo moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni siri. FIFA 13 ya Wii U ilikuruhusu kufanya mabadiliko ya wachezaji na kurekebisha mbinu kwenye padi, bila kuanika menyu kwenye runinga. Katika Call of Duty: Black Ops II, watu wawili wangepigana nyumbani bila kugawa runinga vipande viwili: mmoja anatumia runinga nzima, mwingine anatumia skrini ya padi. Kama umewahi kucheza gemu ya risasi kwenye runinga iliyogawanywa, unajua ile kelele ya "wacha kuchungulia upande wangu!" Hapa hakuna cha kuchungulia.

Ya pili ni nafasi. Angalia gemu yoyote kubwa: ramani kwenye kona, risasi kona nyingine, damu juu, maagizo chini. Runinga imejaa takataka mpaka hauoni unakoenda. Kwenye Wii U, gemu ya The Legend of Zelda: The Wind Waker HD ya mwaka wa 2013 ilihamishia ramani na mizigo kwenye padi, runinga ikabaki na bahari tu. Splatoon, iliyotoka mwaka wa 2015, iliweka ramani ya uwanja mzima mkononi mwako. Ukigusa jina la mwenzako, unaruka hadi alipo. Gemu iliyofuata, Splatoon 2, ilikuja kwenye mashine yenye skrini moja, na ramani hiyo ikabidi uifungue kwa kubonyeza kitufe, iwe inafunika mchezo.

Gemu ya ZombiU nayo iliigeuza skrini hiyo kuwa mtego. Ukitaka kutoa kitu kwenye begi, unainama kuangalia padi, lakini mchezo hausimami. Zombi wanaendelea kukujia kwenye runinga huku wewe ukipekua begi. Kama umewahi kutafuta nauli kwenye mkoba huku kondakta amekusimamia, unaijua presha hiyo.

Ya tatu ni amani ya nyumbani. Saa moja jioni, taarifa ya habari. Unajua kinachofuata. Baba anaingia sebuleni, hasemi kitu, anatazama rimoti tu. Uko fainali, umebakisha dakika tano, lakini katika nyumba nyingi za Soy runinga ni moja, na si yako. Kwenye Wii U, gemu nyingi zilikuruhusu kuhamishia mchezo wote kwenye padi. Mzee anaona habari zake, Kogo anauliza mahindi yamefika bei gani mwaka huu, nawe umekaa kwenye kona unamaliza fainali yako kimyakimya.

Ya nne ndiyo kubwa kwangu, na inahitaji maungamo.

Padi isiyounganishwa

Usinidanganye. Umewahi kumpa mdogo wako padi isiyounganishwa.

Analilia kucheza. Hana uwezo, atakuharibia mechi. Kwa hivyo unampa padi iliyozimwa, unamwambia "wewe ni yule mwekundu," na mtoto anabonyeza kwa furaha, akishangilia mabao ambayo si yake. Kwa wiki kadhaa, mambo yako sawa. Kisha siku moja anagundua. Kama uliwahi kuona uso wa mtoto siku hiyo, hauwezi kuusahau. Wengine hurudisha padi mezani polepole, hawalii, na hawaombi tena.

Mimi nilikuwa yule mdogo. Bado namkumbusha kaka yangu.

Tatizo si roho mbaya ya kaka mkubwa. Tatizo ni kwamba gemu nyingi zinampa kila mtu kazi ileile. Kama kazi ni moja, mwenye vidole vyepesi atashinda kila siku, na wengine watabaki watazamaji. Skrini ya pili inaruhusu kazi tofauti katika mchezo mmoja.

Nintendo Land, gemu iliyotoka pamoja na Wii U, ilijengwa juu ya wazo hilo. Katika mchezo wake mmoja unaoitwa Mario Chase, mwenye GamePad ndiye anayekimbia, na wenzake hadi wanne wanamfukuza. Mkimbiaji anaona ramani nzima kwenye padi, pamoja na waliko maadui wake. Wanaomfukuza wanaangalia runinga, na kila mmoja anaona mbele yake tu. Kwa hivyo lazima wapigiane kelele: "Yuko upande wa manjano! Mzunguke!" Ni kalongo na kibe kwenye runinga. Mtoto wa miaka saba anaweza kuwa mkimbiaji, na mama ambaye hajawahi kushika padi anaweza kumfukuza, kwa sababu mchezo unahitaji mdomo na akili kuliko vidole.

Katika Luigi's Ghost Mansion, mwenye padi ni zimwi. Wenzake hawamwoni kwenye runinga. Wanahisi tu padi zao zikitetemeka anapowakaribia. Nyumba nzima inapiga nduru. Na huyo zimwi anaweza kuwa mdogo wako, yule uliyemzimia padi.

Sasa mbona ilikufa?

Tuseme ukweli. Wii U ilianguka vibaya. Iliuza takriban mashine milioni 13.5 duniani kote, ilhali Wii iliyoitangulia iliuza zaidi ya milioni 101. Utengenezaji wake ulisitishwa mwaka wa 2017, duka lake la mtandaoni likafungwa Machi 2023, na huduma za kucheza mtandaoni zikazimwa Aprili 2024. Kwa hivyo mtu akikuuzia Wii U ya mtumba kule Eldoret akikwambia ni "mpya kabisa", sasa unajua cha kumjibu.

Sababu zilikuwa kadhaa. Jina liliwachanganya watu; wengi walidhani ni padi ya kuongezea kwenye Wii ya zamani, hawakujua ni mashine mpya. Betri ya padi ilidumu saa tatu hadi tano tu. Padi haikuwa na nguvu zake yenyewe: gemu ilikuwa ikiendeshwa na mashine iliyo kando ya runinga, kwa hivyo ukiiacha mbali picha inakatika, na stima ikipotea, umezimika nawe. Kuinamisha na kuinua macho kila sekunde pia kunachosha katika mchezo wa kasi.

La mwisho ndilo lililoua kabisa. Kutengeneza gemu ya skrini mbili ni kazi ya ziada, na kama wateja ni wachache, kampuni haziwezi kujisumbua. FIFA 13 ilikuwa ya kwanza na ya mwisho kwenye Wii U. Gemu zilipopungua, wateja wakapungua. Wateja walipopungua, gemu zikakauka.

Lakini usiharakishe kuzika wazo hilo. Nintendo DS ya mwaka wa 2004, ile ya kukunjwa yenye skrini mbili, iliuza zaidi ya mashine milioni 154. Watu hawakukataa skrini mbili. Walikataa kulipia skrini ambayo gemu nyingi hazikuitumia. Na ile raha ya kutoa gemu kwenye runinga ukaendelea mkononi ndiyo Nintendo iliichukua ikaijenga kuwa Switch mwaka wa 2017. Sony nayo ikatoa PlayStation Portal Novemba 2023, padi yenye skrini ya inchi 8 katikati. Ila elewa tofauti: Portal inakuhamishia picha ya PS5 yako mkononi. Haikupi kadi za siri. Inaondoa ugomvi wa rimoti, haiondoi kuchungulia.

Soy, simu na karatasi

Ilikuwa dola 200 ilipotoka, na bado ulihitaji PS5 pamoja na Wi-Fi nzuri. Najua unafikiria nini. Hiyo pesa ni karo ya mtu. Kwa hivyo tuzungumze kuhusu kile ulichonacho.

Kwanza, simu. Kama nyumbani kuna PS4 au PS5, programu ya PS Remote Play ni ya bure, na inageuza simu yako kuwa skrini ya mashine hiyo. Unaweza hata kuunganisha padi yako na simu kwa Bluetooth. Mzee akitaka habari, anabadilisha runinga iende kwenye king'amuzi, nawe unaendelea kwenye simu. Tahadhari moja: fanya hivyo mkiwa na Wi-Fi ya nyumbani. Sony inashauri intaneti ya angalau megabiti 5 kwa sekunde. Ukijaribu kwa bando la simu, picha itaganda, na bando litakwisha kabla ya mapumziko.

Pili, wanaojenga timu za Ultimate Team wanaijua programu ya EA ya kusimamia kikosi kwenye simu. Unauza na kununua wachezaji ukiwa kwenye matatu, bila kuwasha mashine. Hiyo pia ni skrini ya pili, tena inaokoa stima.

Tatu, zipo gemu za Jackbox. Mashine au kompyuta moja inaonyesha mchezo kwenye runinga. Kila mtu anafungua tovuti kwenye simu yake, anaingiza herufi za chumba, na simu inakuwa padi yake. Jibu unaloandika halionekani na jirani yako hadi wakati wake ufike. Kila mtu chumbani ana meza moja na mkono wake. Ubaya ni kwamba maswali mengi ni ya Kimarekani, na utacheka nusu ya utani tu.

Nne, na hii ndiyo ninayoipenda: Keep Talking and Nobody Explodes, ya mwaka wa 2015. Mtu mmoja anaona bomu kwenye skrini lakini hajui kulizima. Wengine wana kitabu cha maelekezo lakini hawalioni bomu. Lazima muongee, tena haraka, saa inahesabu kurudi nyuma. Kitabu hicho ni cha bure mtandaoni. Unaweza kukisoma kwenye simu au, sikiliza hii, kukichapisha kwenye saiba na kukishika kama karatasi.

Karatasi! Hapo ndipo unagundua kwamba faida ya skrini ya pili haikuwahi kuwa kioo chenyewe. Faida ni kwamba unajua kitu ambacho mwenzako hakijui, na hamwezi kushinda bila kusikilizana. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hivyo dada aliye sekondari anaweza kusoma akimtafsiria mdogo wake anayeshika padi. Hapo kila mtu ana kazi ya kweli.

Wewe unayesomea kompyuta

Neno moja kwa wale walio Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret au pale National Polytechnic mnaotafuta mradi wa mwisho wa mwaka. Kilichoshinda Wii U ni gharama ya kumuuzia kila mtu skrini. Gharama hiyo haipo tena. Wateja walishajinunulia skrini wenyewe. Laptopu moja iliyounganishwa na runinga, rauta moja ya bei nafuu hata kama haina intaneti, na ukurasa unaofunguka kwenye simu ya kila mchezaji: hapo una gemu ya watu sita isiyokula bando.

Wazia gemu ya kandanda ambapo wawili wanashika padi na wawili ni makocha kwenye simu, wakituma mabadiliko kwa siri. Wazia gemu ya matatu ambapo dereva anaangalia barabara kwenye runinga, na kondakta pekee ndiye anayeona kwenye simu abiria wanaoshuka wapi. Wazia kadi zetu, na sheria zetu, pamoja na ile "niko kadi!" ikilia kwenye runinga ya kibanda. Mwenye kibanda atapenda pia. Leo benchi lake lina wawili wanaocheza na watano wanaosubiri. Gemu kama hizo zinawageuza wale watano kuwa wateja.

Hakuna anayetulazimisha kungoja kampuni ya Tokyo au California itukumbuke.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla haujatoka kwenda kibandani, angalia kwanza aliye mlangoni akikutazama ukivaa viatu. Mwite ndani. Mpe simu yako, si padi iliyozimwa. Mwambie yeye ndiye mwenye kitabu, na kwamba bila yeye mnalipuka. Halafu umsikilize.